Firigisi ya Bwana Were

Nimewajua wanaume wenye wivu wa kila aina. Yuko aliyenusa kitambaa cha mkewe kila akirudi kutoka sokoni, na yuko aliyesimama nje ya dirisha la kanisa ibada nzima ili aone mkewe amekaa karibu na nani. Lakini Bwana Were wa mtaa wa Woodley, Nairobi, ndiye pekee niliyemwona akiuchora wivu wake kwa pini na nyuzi za rangi, akauchora vizuri hata msomi akausifu. Waliomjua kwa mbali humtaja kama mtu mpole mwenye penseli sikioni. Mpole alikuwa, sikatai. Lakini ndani alikuwa akiungua, na sisi tuliokaa naye chumba kimoja tulisikia joto.

Tulifanya kazi pamoja mwaka wa 1974, orofa ya tatu ya jengo moja lililotazama bustani ya Jeevanjee. Mimi Nyokabi nilikuwa mpiga taipu, yeye alikuwa mchoraji wa ramani. Mkubwa wetu alikuwa Daktari Indu, binti wa wenye duka la vitambaa Ngara, aliyekwenda kusoma ng'ambo akarudi na shahada ya kuchunguza watu wa kale. Alitaka kujua wafugaji walioishi Bonde la Ufa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita walihusiana vipi: nani alioa kwa nani, nani alibadilishana vitu na nani, nani alimnunia jirani yake. Watu hao hawakuacha maandishi. Waliacha vigae vya vyungu, na vipande vya yale mawe meusi yanayong'aa kama chupa, ambayo hupatikana katika vilima vichache tu upande wa Naivasha.

Njia yake ilikuwa rahisi kuieleza, ngumu kuifanya. Kila kijiji cha kale kilikuwa pini kwenye ubao mkubwa. Vijiji viwili vikikutwa na vigae vyenye pambo la namna moja, au mawe ya kilima kimoja, Were alivuta uzi kutoka pini hadi pini. Vikishirikiana vitu vingi, uzi ulikuwa mnene. Baada ya miezi ubao ulijaa, nawe uliweza kuona kwa macho kijiji ambacho kila mtu alikipitia, na kijiji kilichokaa pembeni. Kulikuwa na kimoja huko ukingoni tulichokiita Kijiji cha Mwisho, kimeshikwa na uzi mmoja tu. Daktari Indu alikionea huruma sana. "Jirani yake akihama," alikuwa akisema, "huyu hapati jiwe tena. Hata hajui dunia iko wapi."

Nyuzi zenyewe zilitoka kwenye kikapu cha Lornah, mke wa Were. Lornah alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ililia pale Woodley asubuhi hadi jioni. Alishona sare za shule, magauni ya harusi, mapazia ya Wahindi na makoti ya wachungaji. Mimi mwenyewe alinishonea gauni la kijani ambalo mpaka leo sijapata lingine la kulingana nalo. Alikuwa mrefu, mcheshi, na hakujua kumwacha mtu apite bila salamu. Ukitembea naye kutoka nyumbani kwake hadi Ngong Road, mwendo wa watu wengine wa kufumba na kufumbua, jua lingeweza kukuchwea njiani.

Were mwenyewe alikuwa mtu wa Samia, huko magharibi karibu na Uganda. Alikuja Nairobi kabla ya Uhuru akiwa kijana wa kufagia ofisi ya wachoraji, akajifunza kazi kwa kuchungulia, akapewa meza, na Wazungu walipohama Woodley akabahatika kupata nyumba ya baraza la jiji yenye ua wa miiba ya kayaba. Hakuwa na rafiki. Alikwenda kazini, akarudi, akala, akasoma gazeti. Hata watu wa kwao waliokutana Jumapili Ngara hakuwaendea, na sababu alinieleza siku moja tukinywa chai. Baba yao alipofariki, kaka yake mkubwa, Ogutu, aligawa vitu vya marehemu. Kile kigoda cha miguu mitatu ambacho Were aliahidiwa tangu utotoni, Ogutu alikikalia mwenyewe. Were akasimama kando ya kaburi, udongo bado mbichi, akatamka mbele ya ukoo mzima: "Kuanzia leo sitakula kitu chochote kutoka mkono wako." Akapanda basi, asirudi tena. Neno la kaburini kwao si la mchezo. Mtu akilivunja, balaa humfuata yeye na watoto wake.

Basi mtu wa namna hiyo, mwenye mke anayependwa na njia nzima, unadhani alilala usingizi? Akimwona Lornah anacheka na muuza mboga, yeye hakuuliza mboga ni bei gani, aliuliza kicheko kilikuwa cha nini. Mimi nilimwonea Lornah wivu, na nasema bila kuficha. Mume wangu mimi, hata ningepotea juma zima, angeuliza tu chumvi iko wapi. Nilitamani mtu mmoja duniani anilinde kwa macho kama yale. Nilikuwa mjinga, lakini ndivyo nilivyotamani.

Sasa nifike kwenye firigisi. Kwao Were, kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Haiulizwi, haigawanywi, mke hailambi. Ukiingia nyumbani kwako ukakuta kuku amepikwa na firigisi haimo, maana yake ni moja: kuna mwanamume amekaa kwenye kiti chako na mke wako amemhesabu kuwa ndiye mkubwa. Ndoa zimevunjika huko kwa jambo hilo, na wazee wa kijiji wakaitwa kuamua, na hakuna aliyecheka.

Jioni moja Were alirudi akakuta kuku mezani. Akafurahi, kwa kuwa haikuwa sikukuu. Akachovya, akatafuta, akageuza mapaja na mabawa kwa kijiko. Firigisi haimo.

"Mama Nanyama, firigisi iko wapi?"

"Ah, Baba Nanyama. Nilikuwa naiosha pale bomba ya nje, paka ya jirani ikaruka nayo."

Alikula akamaliza. Lakini jirani yao, mama mmoja aitwaye Waceke, hakuwa na paka. Alikuwa na mbwa. Were alilijua hilo, na Lornah alijua kwamba analijua, na wakalala hivyo.

Baada ya miezi kadhaa, kuku tena. Firigisi haimo tena. Mara hii Were hakuuliza. Alikuja ofisini asubuhi macho mekundu, akavunja ncha ya penseli, akaichonga, akaivunja tena. Kisha Jumanne moja alipata homa, Daktari Indu akamruhusu aende mapema. Alipofika kwake alimkuta mwanamume anatoka langoni na baiskeli, gunia tupu limekunjwa kwenye keria. Mtu mrefu, pengo la meno ya mbele, midomo inang'aa mafuta.

"Jambo, mzee," yule mtu akasema. "Mimi naitwa Kaloki, wa kichinjio huko Dagoretti. Nimeletea fundi mzigo."

"Mzigo gani?"

"Mzigo tu, wa fundi." Akapanda baiskeli, akaondoka akipiga mluzi.

Ndani ya nyumba palinukia kuku. Na firigisi, unajua mwenyewe.

Mtu mwingine angemkamata mkewe siku hiyo hiyo. Were alikuwa mtu wa ushahidi. Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, mimi nikiwa na mkate wangu, alijifungia kwenye chumba cha ramani. Aliugeuza ule ubao wetu mkubwa, na upande wa nyuma, ambao haukuwa na kitu, akaanza kupiga pini. Pini ya katikati ilikuwa Lornah. Kisha akapiga za wanaume: Kaloki wa Dagoretti, muuza vitambaa Mahesh wa Ngara, mchungaji, muuza mboga, mwalimu wa binti yao Nanyama, dereva wa basi la asubuhi. Kila aliyesalimiwa na Lornah alipata pini. Aliyeleta au kuchukua kitu alipata uzi. Kwa Kaloki alichukua uzi mwekundu, mnene, ule wa kushonea vifungo vya makoti. Alifanya hivyo karibu juma zima, kila mchana, na ile hasira yake ikawa na mistari iliyonyooka kama kazi yoyote iliyotoka mkononi mwake. Mimi nilichungulia, nikamwuliza jambo moja tu.

"Na wewe uko wapi hapo?"

Alinitazama kama niliyemtukana. Halafu akachukua pini, akaipiga kando, kwa sababu katikati kulikuwa kumejaa. Akavuta uzi kutoka kwake kwenda kwa Lornah. Akashika mkasi akitafuta pa kuvuta uzi wa pili. Kwa Mahesh? Hakuwahi kuingia duka lake. Mchungaji? Aliacha kanisa siku nyingi. Jirani? Walisalimiana kwa kidevu. Akauweka mkasi chini akaenda kunywa maji.

Hapo ndipo Daktari Indu alipoingia. Alikuja kutafuta ramani yake ya Naivasha, akakuta ubao umegeuzwa. Akavaa miwani. Nilitaka kumwambia, lakini ulimi ulinishika.

"Nyokabi, hii ni eneo gani? Mimi sina hii kwa makaratasi yangu."

Were alikuwa amesimama mlangoni na gilasi yake. Daktari akasogea karibu, kidole kikifuata nyuzi.

"Lakini ni kazi safi sana, Bwana Were. Tazama hii ya katikati. Hii si kijiji, hii ni soko. Kila kitu inapitia kwake. Na huyu wa uzi nyekundu analeta kitu muhimu, chakula labda." Kidole kikateleza hadi ukingoni, kikasimama kwenye ile pini ya mwisho. "Maskini. Huyu ni kama kile Kijiji cha Mwisho chetu. Uzi moja tu. Sasa mtu akikata soko hapa, huyu anakufa njaa, na hakuna jirani hata moja atajua amekufa."

Were alimeza maji yakampalia.

"Shida ni moja," Daktari akaendelea. "Umechora vile vitu vinatoka kwa soko. Vile vinaingia hujaandika vizuri. Kwa huyu maskini, nini inaingia?"

"Unga," Were akasema kwa sauti ya chini.

"Unga inatoka wapi?"

"Ngara. Dukani."

"Una uhakika? Kigae unaweza kudhani ni ya hapa hapa, mpaka uvunje uone mchanga ndani. Angalia mchanga." Akachukua ramani yake akaenda.

Jioni ile Were alikaa mezani mbele ya ugali wake. Ulikuwa ule ugali mweusi wa muhogo na mtama, ambao watu wa Samia wanaupenda kuliko ule mweupe wa mahindi. Kwa miaka miwili hivi alikuwa akiusifu. "Unga wa Ngara siku hizi ni mzuri," alikuwa akisema, na Lornah alikuwa akiinama kuchukua sufuria. Sasa akatafuna polepole. Kwenye jino la nyuma changarawe ndogo ikalia. Akaijua. Muhogo wa kwao hukaushwa juu ya mwamba ulio nyuma ya boma, na mwamba ule huacha vijipunje kwenye unga, na kila mtoto aliyekulia pale alijifunza kutafuna kwa tahadhari kabla hajajua kusema vizuri. Unga wa kinu cha mjini hauna kitu hicho.

Wewe na mimi tungesema, basi, ameelewa. La. Wivu una akili yake. Alichoelewa Were ni kwamba Kaloki, ili amfurahishe fundi, ametafuta unga wa Samia mpaka akaupata, na kwa miaka miwili mwanamume mwingine analisha nyumba yake, naye Were anakaa mezani anasifu. Alisimama, kiti kikaanguka.

"Jumamosi chukua mtoto na sanduku lako, uende kwenu. Kuna basi ya saa sita. Sitaki kukukuta."

Nanyama alikuwa pale, kijiko mkononi. Lornah alimtazama mumewe muda mrefu.

"Hutaki kuniuliza kitu?"

"Nimeshachora. Najua yote."

"Sawa, Baba Nanyama," Lornah akasema, na akaokota kiti.

Mtu ameambiwa na mumewe aondoke, naye hakujitetea kwa neno moja. Aliponisimulia baadaye nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Ningefungua mdomo, angejua amekula. Na kiapo kile angekivunja kwa kujua, ningemwua yeye na mtoto wangu." Aliogopa zaidi kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya ndoa. Hapo ndipo wivu wangu kwa Lornah ulipogeuka, nikaanza kumwonea wivu Were.

Jumamosi asubuhi Were hakumtazama mkewe akifunga sanduku. Alikwenda Dagoretti. Alitaka kumwona Kaloki uso kwa uso kwanza, amwambie mbele ya wachinjaji wenzake yeye ni mtu wa namna gani. Alimkuta kwenye uwanja wa kichinjio, buti za mpira zimejaa damu, anaosha kisu.

"Wewe ndiye unalisha nyumba yangu?"

Kaloki alifikiri kidogo. "Mimi? Mzee, hata yangu inanishinda." Halafu akamwelewa uso, akaweka kisu chini upesi. "Aa. Ngoja. Hii maneno si yangu. Mwenyewe yuko hapo kwa boma ya ng'ombe."

Were alitazama alipoonyeshwa. Kando ya ua wa ng'ombe, lori la kutoka magharibi lilikuwa limesimama, na mtu mmoja mzito, mvi zimemwanza, alikuwa akisukuma fahali kwa fimbo. Alipomwona Were, aliiacha fimbo ikaanguka, akaficha mikono yote miwili nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekutwa na sukari. Alikuwa Ogutu.

Kaka mtu ndiye aliyeanza.

"Nakuja na lori ya tajiri mmoja, kila baada ya miezi miwili, mitatu, ila siku hizi anauza sana, narudi upesi. Nachunga ng'ombe njiani."

"Unga ule ni wako?"

"Ulisema hutakula kitu kutoka mkono wangu. Mbele ya baba ulisema. Mimi na neno kama hiyo siwezi kucheza. Lakini mama alikuwa halali, anauliza Were anakula nini huko. Kwa hivyo gunia mama anajaza mwenyewe na kufunga. Dereva anapakia. Kaloki anabeba na baiskeli. Mke wako anapokea. Mimi natembea mbele, mikono nyuma, hata kurudi natangulia. Sijaigusa hata siku moja. Muulize huyu."

"Ukweli," Kaloki akasema. "Anatembea kama mfungwa. Watu wa Ngong Road wanadhani nimemshika mwizi. Na wanasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi nimechukua baiskeli tu."

Were alikuwa na swali moja tu lililomkaa kooni, na ingawa baada ya hayo yote lilikuwa dogo, alishindwa kulimeza.

"Na firigisi?"

"Firigisi nimekula," Ogutu akajibu bila aibu. "Mimi ni mkubwa wako. Nikiingia kwa nyumba yako, mke wako angenipa nini, shingo? Hiyo hukuiapia."

Nilimwuliza Were alijisikiaje pale. Alisema aliona wivu kuliko siku zote. Kwa miaka miwili kaka yake amekaa nyumbani kwake mchana, ameletewa maji ya kunawa, amesimulia habari za mama, za mvua, za nani amezaa, Lornah akacheka kicheko kile. Yeye mwenyewe, mwenye nyumba, amekaa ofisini akifunga nyuzi za watu waliokufa zamani. Aliwaonea wivu wote watatu, hata Kaloki na baiskeli yake. Halafu akatazama jua, akakumbuka basi la saa sita.

Kaloki ndiye aliyempakia. Hilo wenzetu wa Woodley wanalisimulia mpaka leo: Bwana Were, na tai yake, kwenye keria ya baiskeli ya mchinjaji, amemshika kiunoni mtu ambaye asubuhi hiyo yeye mwenyewe alitaka kumpiga, wakiteremka Ngong Road kwa kasi ya kutisha.

Walifika Lornah akiwa langoni. Sanduku chini, Nanyama amevaa gauni la Jumapili. Were aliruka, suruali imejaa mafuta ya mnyororo.

"Nimemwona Ogutu," akasema. "Mama Nanyama, rudi ndani."

Lornah alimwangalia Kaloki, akamwangalia mumewe, akaelewa. Kisha akashika sanduku lake.

"Nashukuru umemwona. Lakini uliniambia mbele ya mtoto. Nakwenda kukaa na mama yangu, na nikitaka kurudi nitarudi mwenyewe. Unga uko kwa debe. Shemeji lori yake inarudi tena mwezi ujao, Jumapili. Mimi sitakuwa hapa kupokea kitu. Miaka miwili nimewashikia huo uzi, mikono imechoka."

Kaloki, mtu mwenye akili, alibeba sanduku lake hadi stendi. Were alibaki langoni, akitazama mke wake anatembea kando ya mwanamume yule wa uzi mwekundu, na mara hii hakuwa na haki ya kusema lolote.

Majuma yaliyofuata alikonda. Alikuja ofisini shati halikupigwa pasi, akala mkate mkavu, hakupiga pini hata moja bila kuambiwa. Nilimwuliza kwa nini asimfuate mkewe huko. "Nikimfuata mikono mitupu ataniuliza nimefanya nini," akasema. "Na sijafanya kitu." Ijumaa moja alikuja kwenye meza yangu ya taipu, akainama, akaninong'oneza.

"Nyokabi, firigisi inaoshwaje?"

Nilimweleza. Unaipasua ubavuni, unaifungua, unamwaga uchafu, halafu kuna ngozi ya njano ndani, hiyo unaibambua yote, usiache, maana ni chungu. Alichora. Nakuambia alichukua penseli akachora firigisi iliyopasuliwa, na mishale. Mtu mzima ambaye hajawahi kuwasha jiko, anachora.

Jumapili Ogutu alikuja Woodley kwa mlango wa mbele, mikono nyuma, Kaloki amebeba gunia. Were alikuwa amechinja, amenyonyoa, amepika. Waceke wa jirani alisikia moshi akadhani nyumba inaungua. Kuku alikuwa ameungua upande mmoja na upande wa pili bado ana manyoya, lakini firigisi ilikuwa safi, peke yake juu ya kisahani. Were alikishika kisahani kwa mikono miwili akakiweka mbele ya kaka yake.

Ogutu hakuigusa. Mikono yake ilikuwa chini ya meza.

"Nimegee ugali," Were akasema.

"Kwa mkono upi?"

"Huo huo wako."

"Na kiapo?"

"Mimi ndiye nilisema. Mimi ndiye nimefungua. Mama ataombea, na Kaloki ni shahidi."

Ogutu alitoa mkono wa kulia juu ya meza. Aliufuta kwanza mara mbili kwenye shati, Kaloki aliniambia hivyo, na Kaloki si mtu wa kuongeza chumvi isipokuwa kwenye nyama. Alimega ugali mweusi, akaufinya, akamnyooshea mdogo wake. Were aliupokea, akautia mdomoni, akatafuna polepole kwa ajili ya changarawe. Hapo ndipo Ogutu alipovuta kisahani. Kigoda cha baba hakikutajwa na mtu. Safari iliyofuata kilikuja juu ya lori, kimefungwa kwa gunia, na hakuna aliyetoa hotuba.

Kesho yake nilipoingia chumba cha ramani nilichungulia nyuma ya ubao. Pini za muuza mboga, mwalimu na dereva wa basi zilikuwa zimeng'olewa. Ile ya ukingoni, ya Were mwenyewe, ilikuwa imebaki, na sasa ilikuwa na nyuzi mbili. Uzi wa pili ulikuwa umefungwa vibaya, fundo kubwa, si kazi ya mchoraji hata kidogo.

Lornah alirudi mwisho wa mwezi, bila kutoa habari. Were alimkuta mezani, viatu bado miguuni, akitazama unyoya mmoja uliokwama kwenye ufa wa mlango wa jikoni.

"Hapa kulichinjwa kuku."

"Ndiyo."

"Wakati mimi sipo."

"Ndiyo, Mama Nanyama."

Lornah aliunyanyua unyoya, akauangalia kwenye mwanga. Sauti yake ilikuwa baridi, na Were aliniapia kwamba macho yake yalikuwa yale yale aliyokuwa nayo yeye siku ya kwanza ya paka.

"Firigisi alikula nani?"

Were alisema kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitazamwa kwa wivu na mtu mwingine, na ilimwogopesha na kumfurahisha kwa pamoja, hata akatamani kukaa kimya kidogo ili asiumalize wivu huo. Lakini hakuthubutu.

"Kaka yangu," akasema.

Lornah alivua viatu, akaenda jikoni kuangalia kama unga umebaki kwenye debe.